Kuuza vitu vya nyumbani wikiendi hapa Unguja: tabu si bei, tabu ni kuona haya

Swali lilokuja ni hili, nimelifupisha kidogo: "Asalaam alaykum Bi mkubwa. Tunahama Miembeni tunakwenda Fuoni kwenye nyumba ndogo. Nyumba ya Miembeni ni ya bibi, kafariki mwaka jana, imejaa vitu tele, makabati, vyombo, masanduku, santuri, cherehani, na vyangu mie mwenyewe vimo humohumo. Mdogo wangu yuko Marekani, kanambia kule wikiendi watu wanafungua gereji wanatandaza vitu vyao wanauza wenyewe, yeye nyumba nzima kaipamba kwa vitu hivo. Je hapa Unguja itawezekana au ntachekwa? Na kule Fuoni nataka friji na kitanda cha used, nitazame nini nisipigwe?"

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza hilo neno gereji libakie hukohuko Marekani, maana hapa ukiandika karatasi ukabandika "wikiendi tunauza gereji" watakujia mafundi wanatafuta shokapu. Na nani kwetu ana gereji ya gari? Watu wa flati za Michenzani watatandika wapi, kwenye ngazi? Lakini jambo lenyewe linawezekana, mie nafanya biashara ya vitu vilotumika mwaka wa 20 huu na nishasimamia wahamaji wengi, na vyangu mwenyewe nimeviuza mara mbili. Mara ya kwanza nilifedheheka, ya pili nikauza mpaka ndoo ya kudekia. Ntakwambia tofauti ilikuwa nini.

Huko kwa mdogo wako mtu kutoa vitu vyake nje ni kawaida kabisa, wala jirani hashtuki, mpaka miji mingine imeweka sheria, unachukua kibali na kwa mwaka huruhusiwi kuuza zaidi ya mara kadhaa, wanaogopa mtu asije akageuza nyumba duka. Uingereza wao wanatia vitu kwenye buti la gari wanakwenda kupaki kiwanjani, kila mtu na buti lake wazi. Uholanzi ndo kabisa, tarehe 27 Aprili ni sikukuu ya mfalme wao na siku hiyo mji mzima unatandika njiani, mpaka watoto wanauza midoli yao. Kwetu mtu akikuona umetoa sufuria barazani la kwanza linalomjia si "ntapata sufuria rahisi", la kwanza ni "masikini, wamefikia huku".

Mie mara ya kwanza ilikuwa Mwembetanga. Nilitandika jamvi barazani saa 2 asubuhi, vitu safi, nimevipanga nikajiona nna duka, mpaka saa 5 nimeuza upawa mmoja. Watu wanapita, wanasalimia, "kwema humo ndani?", kwa ile sauti anayoulizwa mfiwa. Jirani mmoja alikuja kuninong'oneza kama kuna shida si niseme tu wachangiane. Na kuna mama alipita mara tatu, kavaa buibui na ninja yake, macho tu ndo yanaonekana na macho yote yako kwenye birika la shaba, lakini hasimami. Adhuhuri nikaingiza kila kitu ndani. Alasiri nikawa nafungafunga huko uwani, mlango wa nyuma uko wazi, yule mama akaingia. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akaliinua birika, akaligonga kwa kucha, akalifunua akanusa ndani, akalipindua kutazama kitako kama kimetiwa kiraka, kisha ndo akauliza bei kapunguza sauti. Akalitia ndani ya kikapu, juu yake akafunika mchicha. Nyuma yake wakaja wanne wengine kwa mlango uleule.

Pale ndo niliposhika. Watu wanataka vitu, pesa wanazo, tabu ni haya, ya anayeuza na ya anayenunua, maana na yeye hataki kesho aambiwe "hilo pazia si la bi fulani?". Ukiweza kuwasitiri watu utauza, usipoweza utauza upawa kama mie.

Kwahiyo barazani usiweke kitu isipokuwa karatasi, na karatasi iseme sababu kwanza: TUNAHAMA, VITU VINAUZWA, KARIBUNI NDANI UWANI. Neno tunahama libebe herufi kubwa kuliko yote. Wiki moja kabla umtafute yule bibi au dada wa mtaa ambaye habari haimlali kifuani, kila mtaa anaye, umwambie kwa kirefu nyumba ya Fuoni ina vyumba vingapi na kwanini kabati halitaingia mlangoni. Kazi atakayokufanyia huyo hakuna stetasi ya WhatsApp itakayoifikia. Stetasi weka pia lakini usipige picha ya nyumba nzima, piga kitu kimoja kimoja kwenye mwanga, na usiweke picha za vitu vya bibi mpaka usome haya yanayofuata.

Mana hapa ndo nikakushika mkono mwanangu. Vitu vya bibi si vyako. Umesema kafariki mwaka jana, hujasema kama mirathi imegaiwa. Kama bado, huna ruhusa ya kuuza hata kijiko, na kama bibi ana watoto hai, wajomba na mama zako, basi wao ndo wenye mafungu na wewe mjukuu huna lako hapo, mpaka wao wakupe. Hata ikiwa umeishi nae na umemuuguza wewe. Nimeona familia imevunjika kwa sanduku, si nyumba si shamba, sanduku la njumu, lile la mbao lilopigwa misumari ya shaba, lilouzwa laki na mjukuu aliedhani anasafisha chumba, mjomba kurudi Pemba anauliza sanduku la mama liko wapi. Kaeni warithi wote, muorodheshe, kila kimoja kitiwe thamani, mkishindwana kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kazi hiyo ya kugawa mirathi wanaifanya kila siku, na kuna mahkama ya kadhi. Wakikubaliana viuzwe vigaiwe pesa, mtu mmoja apewe daftari aandike kila kilouzwa na bei yake. Siku ya kuuza hakikisha mjomba mmoja yupo amekaa pale hata kama hafanyi kitu.

Wakati mnaorodhesha fungueni kila kitu. Mifuko ya makoti, chini ya droo, ndani ya foronya, baina ya kurasa za vitabu. Wazee wetu benki yao ilikuwa mtoni, mto wa kulalia namaanisha. Mie nshatoa kipini cha dhahabu ndani ya kopo la hiliki na hati ya shamba ndani ya mkoba mbovu ulokuwa unakwenda jaani. Mkikuta sarafu za shaba nyeusi nyeusi msimpe mtoto achezee, zitazameni kama zina picha ya mizani, hizo ni pesa za Sayyid Barghash, nyingi zimeandikwa mwaka 1299 wa hijria, na rupia nazo zilitumika hapa mpaka zilipoingia shilingi za Afrika Mashariki mwaka 1936. Si utajiri lakini si za kutupa pia. Misahafu na juzuu weka pembeni peke yake, hivo haviingii kwenye jamvi la kuuzia, mpelekeeni maalimu wa chuoni.

Sanduku la njumu, kama lipo, liangalieni vizuri kabla hamjalitaja bei. Mengi yalitoka Bara Hindi, mbao ya msaji, mazito, ukilinyanyua peke yako basi jua si lenyewe. Siku hizi yanatengenezwa mapya ya kuuzia watalii na mengine yametiwa rangi ya uzee, ndo maana mnunuzi mjanja atakwambia "aa hili la juzijuzi bi" hata kama ni la babu yake bibi. Pindua ulitazame chini na nyuma, pasipopigwa rangi. Mbao ya zamani kule chini inakuwa kavu ina kijivu na alama za patasi hazilingani, shaba inakuwa imelika pembeni pale mikono inaposhika kila siku, bawaba zimekula mbao. Na wale wanaopita mitaani kununua vya kale wakikukuta peke yako wana mchezo wao: atasifu kabati wee, atatoa bei nzuri ya kabati, kisha akiwa anatoka aseme "na hilo sanduku bovu nitilie hapohapo juu". Kabati halitaki, alilolijia ni lile bovu. Ukisikia neno nitilie, simama.

Santuri zile sahani nyeusi nazo usiziuze kwa fungu. Siti binti Saad, muimbaji wetu wa taarabu, alikwenda Bombay kurikodi mwaka 1928, na sahani za zama zile zilokuwa nzima ni chache, joto na unyevu wetu umezila. Soma karatasi ya katikati moja moja, uziandike. Zilopasuka acha zilivyo, usigundishe na gamu.

Sasa siku. Ijumaa isahau, asubuhi watu wana mapishi na mchana kuna sala na jioni kuna kutembeleana. Jumamosi ndo yenyewe, na ukitaka mbili ongeza Jumapili, lakini mie naona siku moja inauza kuliko mbili mana watu wakijua kesho ipo wanangoja ushushe bei. Fungua saa 2 asubuhi mpaka saa 5, funga, jua la mchana halinunui mtu, ufungue tena baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Asubuhi watakuja wanaume na wachuuzi, jioni kina mama, na wanaobeba vyombo ni kina mama. Iwe mwisho wa mwezi, kuanzia tarehe 25 hivi watu washapata mishahara. Usithubutu Januari, pesa zote zinakwenda skuli. Masika usijaribu labda uwani pamezekwa. Mfunguo mosi baada ya Idd mtu hana kitu. Lakini Shaaban! Wiki mbili za mwisho za Shaaban mwanangu, watu wanapaka chokaa nyumba, wanatafuta mabakuli ya futari, masinia, chupa za chai, majagi, mapazia, ukitoa vyombo wakati ule vinaondoka kama visheti. Kama hamna haraka ya kuhama ngojeni Shaaban.

Sheha wa mtaa wenu mpe habari. Si lazima barua ndefu, nenda umuone, "sheha Jumamosi tunauza vitu vyetu tunahama", basi. Faida yake utaiona wewe, mana pakitokea mtu akadai friji ile ni yake iliibiwa, sheha anajua mnauza nini na kwanini. Na ukiwa unatoa vitu njiani kwenye vichochoro vyetu pakazibika, watakuja watu wa manispaa na hapo tena ni mambo mengine, ndo nikasema uwani.

Bei. Watu wengi wanapiga bei kwa machungu, "hili nilinunua laki 3 Dubai". Mnunuzi hakuwa nawe Dubai. Mie kanuni yangu ni ya kizembe lakini inafanya kazi: kitu cha kila siku kizima, theluthi ya bei ya kipya dukani leo, si bei uliyonunulia. Ukikiweka nusu atakwenda kununua kipya cha Kichina akapate na boksi. Mbao za asili, mninga, mvule, mkangazi, hizo usitumie kanuni hiyo, nenda kwa seremala muulize kitanda kama kile leo anachonga kwa ngapi ndo ushuke kidogo. Andika bei kwenye kibandiko. Najua watu watasema kwetu bei haiandikwi inapatanwa, lakini nakwambia kibandiko kinamsaidia mwenye haya, hana haja ya kuuliza mbele ya watu, na mwenye kupatana atapatana tu hata ukiandika kwa wino wa dhahabu. Ongeza kidogo ya kupunguza. Kitu cha elfu 8 andika elfu 10, akisema bei ya mwisho ngapi, mwambie yeye ataje, nyamaza. Kunyamaza ndo ufundi. Sie tunapenda kujaza maneno, mtu hajasema kitu ushamwambia "basi toa elfu 6". Vidogovidogo, vikombe visivyo na wenziwe, vijiko, vikapu, kawa, viweke kwenye sinia kubwa bei moja, chagua mwenyewe elfu moja moja, uliweke mlangoni. Mtu akishashika kitu kimoja mkononi haya imemtoka.

Mambo mawili sikubali kabisa. Kukopesha, na kuweka. "Niwekee ntakuja kesho" haina mwisho, utahama utaliacha kabati la watu. Anaetaka kuwekewa atoe arbuni, nusu ya bei, na mwisho ni Magharibi ya siku ileile. Na jirani anaekwambia ntakulipa mwisho wa mwezi, ukiona roho haikupi kumkatalia basi mpe bure useme ni zawadi, utabaki na jirani. Vya kuwapa watu uvitoe kabla, Alkhamis huko, shangazi achague, mfanyakazi wa ndani achague, jirani wa ukuta mmoja achague, ili siku ya Jumamosi pasiwe na mtu anasema "hiki si ulisema utanipa mie". Kanga za bibi ningekuwa nyie zisingetoka nje ya familia. Nilishauza doti za marehemu mmoja, jirani akanunua moja, kesho yake kaivaa kwenda shughulini kwa mtu alogombana nae, na maneno yalokuwa kwenye ile kanga, astaghfirullah, ugomvi ukarudi mpaka kwangu nilieuza.

Malipo ya simu tazama salio lako, si meseji. Meseji za uongo zinatengenezwa zikafanana kabisa. Na uwe na chenji, noti za elfu moja na elfu 2 za kutosha, nimepoteza wateja wazima kwa kukosa chenji. Vifungashio tafuta magazeti na makatoni, mifuko ya plastiki hapa ishapigwa marufuku miaka mingi, waambie watu waje na vikapu vyao.

Kasoro ya kitu iseme kabla hajauliza. Blenda inavuja, sema inavuja. Dini ishatuambia, na ukiacha dini mji huu mdogo, atakukuta Darajani wiki ijayo akueleze mbele ya muuza samaki.

Haya tuje kwenye kununua, uliuliza friji na kitanda.

Kuna njia tatu hapa. Moja ni maduka ya vitu vya kontena, vya Ulaya, Dubai, Japani, yametapakaa huku Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na kuna kina Mwanakwerekwe. Ya pili ni wageni wanaoishi hapa wakimaliza mikataba yao, wengi wako Mbweni, Mazizini, Fumba, wanauza nyumba nzima ndani ya siku tatu mana ndege haingoji, na hao ndo hasa wanaofanya hiyo biashara ya mdogo wako, bei inaandikwa kwenye grupu na akishakata tiketi inashuka yenyewe. Nenda siku mbili kabla hajaondoka, si wiki mbili. Ya tatu watu wengi hawaijui, mahoteli. Aprili na Mei msimu umelala, mahoteli mengi ya Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani yanafunga au yanakarabati, wanatoa magodoro, vitanda, mashuka, viti, feni. Utapata kitanda kizito cha mbao ambacho seremala hakuchongei kwa bei hiyo. Lakini chochote chenye chuma kutoka pwani kikague, hewa ya bahari inakula kwa ndani, juu rangi nzuri, ukikwaruza na ufunguo chini unatoka unga mwekundu. AC za pwani sinunui kabisa, hata kwa bure nafikiria.

Umeme kwanza. Geuza kitu chochote utafute kile kibandiko cha nyuma chenye namba. Kwetu ni volti 230. Ukiona imeandikwa 220-240 chukua. Ukiona 100 hiyo ya Japani, ukiona 120 ya Marekani, hiyo bila ya transfoma inaungua. Mie niliingia huko miaka ya mwanzo, jiko la kupikia wali la Kijapani, zuri, lina maua ubavuni, muuzaji kaniapia ni zima na kweli lilikuwa zima. Nilichomeka nyumbani, likavuma, likatoa moshi kama chetezo, mchele haujapata hata joto. Ndo nikapindua nikasoma 100. Muuzaji hakunidanganya, alijibu nilichomuuliza, nilimuuliza "zima?" sikumuuliza volti. Kitu kidogo transfoma inalipa, lakini kwa maikrowevu au pasi transfoma yake inakuwa kubwa na ghali kuliko kitu chenyewe, achana nayo. Na plagi zetu ni zile za pini tatu bapa, vya Ulaya vinakuja na mbili za duara, hiyo si tatizo unabadilisha plagi, lakini usichomeke kwa kutia kijiti kwenye tundu la juu kama nnavoona watu wanafanya.

Friji usinunue ilozimwa. Kokote utakapokwenda sema iwashwe, kaa nayo dakika 40, kunywa chai yao. Ikoje? Mashine ya nyuma iwe inavuma sawasawa, haipigi tak tak na kuzima na kuwaka kila dakika. Ubavuni au nyuma pawe na joto kidogo, hiyo ni dalili njema, gesi inazunguka. Ndani ya friza uguse na kidole kilicholowa, kinate. Chukua noti ya shilingi elfu, ifungie mlangoni nusu nje nusu ndani uvute, ikitoka bila ya kushikwa mpira wa mlango umekufa, na hapo hata kama inapoa bili ya umeme itakukimbiza, utakuwa kila siku unatia TUKUZA, umeme wa kulipia kabla. Zunguka pembe nne hivohivo. Soma aina ya gesi, R134a mafundi wetu wanaijua, R600a ni nzuri na haili umeme mwingi lakini gesi yake inashika moto, fundi awe anaejua si wa kubahatisha, na ukiona R12 hiyo ya zamani sana gesi yake ishaondoshwa duniani, iache iwe kabati. Siku ya kuibeba isilazwe, ikilala kwenye gari basi ikifika isimame masaa kadhaa, mie naiacha imesimama usiku kucha, ndo uwashe. Na uitafutie stabilaiza, umeme wa kuzima na kurudi kwa nguvu ndo unaoua friji nyingi hapa kuliko uzee.

Ukiuziwa jenereta kwa bei ya kutupa uliza imekaa tangu lini. Zipo nyingi zilizonunuliwa ule wakati wa giza, mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010 tulivokaa miezi mitatu bila ya umeme, kisha zikaachwa stoo na mafuta ndani yake. Nje mpya, ndani kabureta gundi tupu.

Kitanda, goti chini na tochi ya simu. Unga mwembamba kama wa muhogo chini ya miguu au kwenye viungo ni dumuzi, na dumuzi hasimami kwenye kitanda kimoja, atahamia mlangoni. Gonga mbao kwa ufunguo toka juu mpaka chini, pakibadilika sauti pakawa patupu mchwa keshapita. Zile mbao za unga zilobandikwa karatasi ya rangi ya mti, za makontena nyingi, unyevu wa kwetu unazivimbisha, tazama pembe za chini kama zimefumuka mfano wa mkate ulotiwa chai. Godoro mie sinunui la mtu, la hoteli ninalitazama mishono yote, madoadoa meusi madogo kwenye pindo ni kunguni, hata kimoja tu ondoka, usijidanganye utalianika jua.

Simu na laptopu bila ya risiti au boksi hapana, hata iwe ya mtoto wa jirani. Mali ya wizi ikikutwa kwako polisi hawaulizi ulinunua rahisi kiasi gani.

Vitakavobaki jioni ile, na vitabaki, usirudishe ndani. Panga toka mapema nani anakuja saa 12. Vyuma vibovu kuna hawa wa skrepa wanapima kwa kilo, wanakuja na mizani yao, na wewe uwe na ya kwako. Nguo safi na vyombo vipo vyuo vya Kurani na nyumba za mayatima, lakini wapigie kwanza usiwabwagie, wanapelekewa mataka mengi kwa jina la sadaka. Watu wa shamba, jamaa zako, watachukua madebe na mapipa kwa furaha. Kilochobaki baada ya hapo ni cha Kibele jaani, mtafute mwenye gari mpeane bei kabla hajapakia.

Na hiyo cherehani ya bibi hukusema ni ya mguu au ya mkono. Kama ni Singer kuna namba imepigwa kwenye kitako chake, herufi moja au mbili kisha namba ndefu, kwa namba hiyo mwaka ilotoka kiwandani unajulikana. Irushie mafuta, zungusha gurudumu kwa mkono, likizunguka laini na sindano ikapanda na kushuka hiyo itashona miaka mingine 50, mafundi cherehani wa Mlandege wanazitafuta wao wenyewe. Wajomba wakiruhusu na hakuna wa familia anaeitaka, nipigie picha ya hiyo namba unitumie kabla hujaitia kwenye stetasi, na kama pana mbuzi ya nazi ya zamani yenye ulimi mpana niwekee. Arbuni natoa.